Mshenzi, mjinga, mtoro: maneno ya soko la watumwa ambayo bado tunayatumia

Juzi kati tulikuwa kwenye kikao cha posa ya mtoto wa mjomba, huku Tanga, mambo yanaenda vizuri, kahawa inazunguka, mara mzee mmoja akamwinamia baba akamnong'oneza, "Binti mzuri, ila hao asili yao wazalia." Nlikuwa nimekaa karibu, nikasikia. Mzalia ni mtumwa aliyezaliwa hapahapa pwani. Yaani babu wa babu yake aliletwa na kamba shingoni, halafu aibu abebe binti wa watu mwaka huu!

Tangu siku hiyo nayawaza haya maneno yetu. Watu wanadhani watumwa kwanza walidharauliwa ndo wakauzwa, mi naona ni kinyume chake, faida ilitangulia na sababu ikatafutwa baadaye. Karafuu zilipopandwa kwa wingi Unguja na Pemba enzi za Sultani Seyyid Said zilihitaji mikono, basi watu wa bara, Wayao, Wanyasa, Wamanyema, wote wakawa "washenzi", watu wasio na dini wala mji, na kuwaleta pwani kukaitwa kuwastaarabisha. Ustaarabu wenyewe asili yake ni Kiarabu, maana yake kuwa kama Mwarabu. Aliyetoka bara akashushwa jana, hajui lugha wala desturi, aliitwa mjinga. Aliyekimbia shamba la bwana wake aliitwa mtoro, na leo mwalimu anaita majina asubuhi anaandika "mtoro" kwenye daftari bila kujua neno limepita wapi.

Marekani nako walifanya hivyohivyo kwa lugha yao. Mwaka 1851 daktari mmoja wa Louisiana, Samuel Cartwright, aliandika kwamba mtumwa anayetoroka anaumwa, akaupa ugonjwa jina, drapetomania, na tiba mojawapo aliyoitaja ni viboko. Wachungaji wao walishika laana ya Hamu, kwamba weusi ni uzao wa Hamu uliolaaniwa uwe watumwa, wakati ukifungua Mwanzo 9 unakuta Nuhu alimlaani Kanaani, mtoto wa Hamu, na rangi ya ngozi haijatajwa hata mstari mmoja. Waislamu pia wapo walioishika hadithi hiyo, na mwanazuoni Ahmad Baba wa Timbuktu aliipinga kwa maandishi mwaka 1615, akasema weusi si sababu ya mtu kumilikiwa na Mwislamu huru hauzwi hata atoke wapi. Hata yeye lakini mlango wa ukafiri aliuacha wazi, yaani asiye Mwislamu aliweza kufanywa mtumwa, na mlango huohuo ndo waliopitia wafanyabiashara wa huku kwetu. Sheria ya Kiislamu ilizungumzia mateka wa jihadi, sasa mtoto aliyenyakuliwa kisimani kule Nyasa alipigana jihadi gani jamani?

Halafu kuna ile hoja inayoniumiza kuliko zote, kwamba utumwa wa kwetu ulikuwa mpole. Utaambiwa mtumwa alikula na bwana wake, alioa, wengine walipewa biashara wakasafiri na misafara, na suria, yaani mtumwa wa kike aliyewekwa na bwana wake kama mke, akizaa naye, mtoto anakuwa huru anarithi, mbona hata Sultani Seyyid Barghash mama yake alikuwa suria. Ni kweli, yalikuwepo. Ila hakuna aliyemuuliza yule suria kama anataka. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, utumwa wenyewe ukaendelea mpaka amri ya kuufuta ya 1897, na hata hapo mtumwa hakuachiwa tu, ilibidi aende mwenyewe kuomba uhuru wake na aonyeshe ana pa kukaa na cha kumlisha, fidia akalipwa bwana. Masuria wakaachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909. Miaka kumi na mbili mwanamke anawaona wenzake wanatoka, yeye anaambiwa wewe ni kama mke, tulia. Upole uko wapi hapo?

Kiukweli sina ugomvi na dini wala na Waarabu, mimi mwenyewe damu imechanganyika kama watu wengi wa huku. Nnachokataa ni kuendelea kuibeba sababu ya muuzaji wakati soko lilishafungwa, tunaiingiza mpaka kwenye posa za watoto wetu.

Baba alinyamaza siku ile, na mimi nikanyamaza kwa heshima ya wakubwa, na nimelala nalo wiki nzima. Kikao cha mahari ni Jumapili baada ya Alasiri. Nitakaa palepale karibu na yule mzee, nimpe shikamoo yake, na akinong'ona tena nitamjibu kwa sauti.