Led Zeppelin, rimoti, na zile njozi tunazoziruka

Kanda ya kwanza ya sinema ya The Song Remains the Same niliyoiona ilikuwa ya mjomba wangu, baharia. Ilifika Mombasa ikiwa imeshapita mikono mingi. Deki ilipoimeza, picha ilitulia vizuri kwa muda, halafu ghafla chenga, mistari myeupe ikishuka kama mvua. Nilipoizoea nikagundua kwamba zile chenga zilikuwa na mahali pake. Zilijaa Stairway to Heaven inapoanza, zikajaa tena kwenye Rock and Roll, ndiko watu walikokuwa wakirudisha nyuma na kucheza tena, kila wiki, miaka nenda rudi. Penye farasi, panga na majumba ya mawe, kanda ilikuwa safi kama imetoka dukani. Hakuna aliyewahi kurudia hapo.

Kanda ile ilikuwa imeshapigiwa kura, na ugomvi wa mashabiki kuhusu sinema hii haujatoka mbali na zile chenga hadi leo.

Kwa asiyeijua: ni sinema ya konsati ya Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, yaani Jimmy Page kwenye gitaa, Robert Plant mwimbaji, John Paul Jones kwenye besi na kinanda, John Bonham kwenye dramu. Mwaka 1973 walizunguka Marekani wakiwa kileleni. Mei walipiga uwanjani Tampa, Florida, mbele ya watu 56,800 na kuivunja rekodi ya Beatles. Ziara iliishia New York, ukumbi wa Madison Square Garden, usiku tatu mfululizo, Julai 27, 28 na 29, kamera zikiwapo. Sinema yenyewe haikufika kumbini hadi Oktoba 1976. Ina dakika 137. VHS ikaja 1984, DVD 1999, na mwaka 2007 likatoka toleo lenye sauti iliyochanganywa upya na nyimbo za nyongeza.

Shida ni kwamba konsati ni sehemu tu ya sinema. Kila mwanamuziki amepewa njozi yake. Plant ni shujaa wa enzi za kale mwenye upanga, anazunguka ngomeni kumwokoa binti. Jones anapanda farasi usiku na kinyago usoni. Page anakwea mlima chini ya mbalamwezi kumfuata mzee mwenye taa, na uso wa mzee unabadilika, unarudi ujana, unarudi utoto, unarudi hadi tumboni mwa mama. Bonham yeye hana habari za panga wala vinyago: anaendesha gari la mashindano, anacheza biliadi, anashughulika na mifugo shambani kwake. Hata meneja, Peter Grant, yumo, tena ndiye anayefungua sinema, akiwa jambazi wa kizamani na bunduki mkononi. Zaidi ya dakika kumi zinapita kabla bendi haijapanda jukwaani.

Sasa tuwasikilize wanaoichukia, maana hoja zao si za kubeza.

Hoja ya kwanza ni ya mikono. Anayejifunza gitaa hanunui video ili aone mlima, ananunua aone vidole. Katika Dazed and Confused, Page anachukua upinde wa fidla na kuusugua kwenye nyuzi za gitaa, jambo ambalo watu wa wakati ule walilipia tiketi walishuhudie kwa macho. Hapo hapo ndipo sinema inapomwacha mpigaji na kutupeleka mlimani. Sauti inaendelea, mikono imetoweka. No Quarter nayo ina kinanda cha Jones kinachostahili kamera ya karibu dakika nzima, lakini tunaonyeshwa kwato. Ukimwambia shabiki wa namna hii kwamba hiyo ni sanaa, atakujibu kwamba sanaa aliyoilipia ilikuwa inafanyika jukwaani.

Hoja ya pili inahusu usiku wenyewe. Mashabiki wanaokusanya kanda za magendo, zile zilizorekodiwa kwenye konsati bila ruhusa, na Led Zeppelin wanazo nyingi kuliko bendi nyingi za rika lao, watakwambia kwamba sauti ya Plant ya 1973 haikuwa tena ile ya mwaka uliotangulia, na kwamba mwisho wa ziara ndefu si wakati wa kuleta kamera. Wanayo silaha ya kuonyesha: konsati za California za Juni 1972, zilizotolewa rasmi mwaka 2003 kwa jina How the West Was Won. Sikiliza moja kisha nyingine, na utaona wanachosema. Plant wa 1972 anapaa. Wa Madison Square Garden anajua pa kuzikwepa sauti za juu. Mimi hilo halinisumbui, napenda mwimbaji anayejua mipaka yake ya usiku ule, lakini siwezi kusema wamedanganya.

Na urefu. Dazed and Confused inakaribia nusu saa. Hapa sisi tuliolelewa na muziki wa Kongo tuna uvumilivu zaidi, tumezoea wimbo wa TPOK Jazz kujaza upande mzima wa sahani na bado mtu akaomba urudiwe. Ila sebene linakuinua kitini. Hili linakukalisha, linakutazama, halina haraka na wewe.

Hoja ya tatu ndiyo inayowatia watu hasira kweli: udanganyifu. Joe Massot, mwongozaji wa kwanza, aliitwa dakika za mwisho ziara ikiwa inaelekea ukingoni, na picha alizokusanya zilikuwa na mapengo, nyimbo ikikosa kipande hapa na mstari pale. Aliondolewa, akaletwa Peter Clifton kutoka Australia. Agosti 1974, mwaka mmoja baadaye, jukwaa kama lile la New York likajengwa ndani ya studio za Shepperton, Uingereza, na bendi ikapanda kuigiza konsati yake yenyewe huku sauti ya Madison Square Garden ikipigwa. Kwa Kiswahili cha vijana: pleibeki. Jones alikuwa ameshakata nywele, ikabidi avae wigi.

Ukishajua hili huwezi tena kuitazama sinema kwa amani. Unakuwa kama mtu aliyeambiwa mganga ana kamba mkononi. Nywele za Jones zinabadilika katikati ya wimbo, mara zimelala hivi, mara zina umbo ambalo nywele za binadamu hazina. Nguo nazo: Plant na Bonham walivaa karibu yale yale kila usiku, lakini Jones alibadilisha, kwa hiyo hata picha halisi za New York zikiunganishwa zinamsaliti. Nina rafiki ambaye humtazama Jones tu, mwanzo hadi mwisho, kama mwamuzi anayesubiri mchezaji aotee.

Pamoja na yote hayo, neno udanganyifu sikubaliani nalo, kwa sababu moja. Tunapomzomea msanii wa pleibeki, tunamzomea kwa kuwa tumelipa tusikie akiimba na hakuimba. Hawa waliimba. Sauti unayoisikia ilipigwa mbele ya watu waliolipa, ingawa imeunganishwa kutoka usiku tofauti, kama zilivyo albamu nyingi za moja kwa moja za miaka ile. Kilichoigizwa ni picha. Nipe wigi lenye muziki wa kweli, nikuachie nywele za kweli zenye muziki wa studio.

Hata hivyo, kwa miaka mingi hoja hizi zilikuwa na uzito mkubwa kwa sababu ya jambo ambalo shabiki wa leo, mwenye simu iliyojaa video, huenda asilielewe. Hapakuwa na kingine. Bonham alifariki Septemba 25, 1980, bendi ikavunjika mwaka ule ule, na aliyezaliwa akachelewa alikuwa na dirisha moja tu rasmi la kuwaona Led Zeppelin wakipiga: sinema hii. Marekani ilikuwa ikionyeshwa usiku wa manane kumbini mwaka hadi mwaka. Kwingine ilikuwa kanda. Ukiwa na dirisha moja na mtu amelichora maua, una haki ya kulalamika.

Mwaka 2003 dirisha la pili likafunguliwa. Page na mwongozaji Dick Carruthers walitoa DVD mbili zenye zaidi ya saa tano: Royal Albert Hall ya Januari 1970, Earls Court ya 1975, Knebworth ya 1979, na katikati yake vipande vya Madison Square Garden ile ile ya 1973, safari hii bila farasi. Tazama Royal Albert Hall peke yake. Vijana wanne, hakuna mapambo, Bonham anapiga ngoma kama anazidai pesa. Kila alichokitaka shabiki wa mikono kimo, karibu, wazi, bila kukatizwa. Baadaye ikaja pia konsati ya Desemba 2007 ya ukumbi wa O2, London, waliobaki walipokutana tena, iliyotolewa 2012. Wanaosema The Song Remains the Same haina kazi tena baada ya hapo, ninaelewa wanakotoka.

Mimi naona kinyume chake. DVD ya 2003 ndiyo iliyoiokoa sinema ya 1976. Iliipunguzia mzigo wa kuwa ushahidi. Haja ya kumwona Page akipiga tunaitimiza kwingine, na kwa ubora zaidi. Tukirudi kwenye sinema hii, macho yanakwenda kwenye yale ambayo hakuna konsati nyingine iliyoyabeba. Na mengi ya hayo yamo kwenye sehemu zile ambazo kanda ya mjomba haikuwa na chenga.

Peter Grant anakumbukwa kwa kuikejeli sinema hii kwamba ni video ya familia ya gharama kuliko zote duniani. Aliikusudia kejeli, maana pesa zilikuwa zao wenyewe. Lakini hebu tuichukue kama alivyosema. Video ya familia huanza kuwa na thamani lini? Kabla ya kupanda ndege kwenda Marekani, kila mmoja anaonyeshwa nyumbani kwake. Jones anawasomea binti zake hadithi. Plant yuko mtoni na mkewe na watoto wawili wadogo, maji yanawafika magotini, hakuna kinachotokea. Shabiki wa 1976 alipiga miayo, na mimi ningepiga. Julai 1977, bendi ikiwa tena ziarani Marekani, mtoto wa kiume wa Plant aliugua ghafla na kufariki, akiwa na miaka mitano. Ziara ikakatizwa pale pale. Sijui nani anaweza kujua hilo na bado akabonyeza kitufe cha kupeleka mbele pale mtoni.

Na kuna Moby Dick. Dramu tupu kwa dakika nyingi, na sinema inachanganya jukwaa na maisha ya Bonham shambani. Katikati yake anatokea mtoto wa miaka kama saba, Jason, ameketi nyuma ya seti ndogo ya dramu iliyopimwa kwa urefu wake, baba kando anamsindikiza. Ni sekunde chache. Wenye hoja ya mikono wanasema hapa pia tumeibiwa: tuonyeshe mikono ya baba! Sawa. Lakini konsati ya O2 mwaka 2007, aliyekaa kwenye dramu za Led Zeppelin ni huyo huyo Jason. Mikono ya Bonham ipo Royal Albert Hall, ipo Knebworth. Baba akimtazama mwanawe akishika mdundo ipo hapa.

Kuna na mambo ya nyuma ya jukwaa ambayo wapenzi wa konsati safi huyaweka kapu moja na njozi, kimakosa nadhani. Grant, jitu la mtu, akimporomoshea matusi mtu wa ukumbini kuhusu mabango ya bendi yaliyouzwa bila ruhusa. Kisha habari za wizi: zaidi ya dola 180,000 taslimu zilitoweka kwenye kisanduku cha hoteli walikofikia. Hapo unaona biashara ya roki ya 1973 ilivyokuwa, pesa za ziara zikilala hotelini kama akiba ya kikundi cha kuzungushiana, na meneja ambaye kazi yake nusu ni hesabu, nusu ni vitisho. Sinema ya konsati tupu isingekupa hilo.

Mashabiki wa Pink Floyd, bendi nyingine ya roki ya Uingereza, wana kesi inayofanana, nayo inanisaidia kupima hii. Konsati yao ya Pompeii, iliyopigwa Oktoba 1971 ndani ya magofu ya kale ya Italia bila hata mtazamaji mmoja, ilipotoka kwenye DVD mwaka 2003 mwongozaji alikuwa ameongeza picha za kompyuta za anga na sayari. Wengi walizikataa, nami nipo kati yao. Tofauti ni kwamba zile ziliongezwa baada ya miaka thelathini, na teknolojia ambayo haikuwapo. Njozi za Led Zeppelin, hata zikiwa za kitoto, ni za wakati wao. Ule upanga wa Plant ni 1973 kama zilivyo nywele zake.

Kuhusu toleo la kununua, nipo na wa 2007. Watu wa sahani za zamani wanalalamika kwamba fundi wa sauti Kevin Shirley alipoichanganya upya, mikato waliyoikariri kwa miaka thelathini ilihama, na masikio yao yanajikwaa. Huenda ni kweli kwao. Mimi niliikariri kwa deki yenye spika moja, sina cha kujikwaa. Nyongeza zake, The Ocean na Misty Mountain Hop zikiwamo, zinampa mtu wa mikono cha kumtuliza. Ila niweke wazi kwa anayeiona mara ya kwanza: itazame bila rimoti, usiku mmoja, hadi mwisho. Ya pili fanya upendavyo.

Mimi mwenyewe, baada ya kuyaandika yote haya, mtoni sipitishi, na kwa Jason narudisha nyuma. Kwa yule mzee wa mlimani na taa yake, bado mkono unaitafuta rimoti.