Kwenda mpirani Poland: uwanja umetulia, mtaa je?

Mpwa wangu amepata nafasi ya kusoma Kraków, kusini mwa Poland. Tangu barua ya chuo ifike hajaniuliza kuhusu baridi wala chakula. Anauliza mpira. "Mjomba, wewe umekaa kule. Nikienda uwanjani nitarudi mzima?" Ameshaangalia video zote: vijana vifua wazi wanatwangana msituni, moshi mwekundu majukwaani, askari wa kutuliza ghasia wamejipanga na ngao. Nimemjibu kwenye simu zaidi ya mara moja, na kila nikikata naona jibu langu limepwaya. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Wanaosema hakuna cha kuogopa wana hoja nzito, na sitaki kuzipita mbio. Ligi kuu ya Poland, Ekstraklasa, ina timu 18, na kwa msimu mmoja majukwaa yake hupokea watazamaji zaidi ya milioni 3. Karibu wote hurudi makwao bila hata mkwaruzo. Viwanja vya Warszawa, Poznań, Gdańsk na Wrocław vilijengwa au kukarabatiwa kwa ajili ya Euro 2012: kila kiti kina namba na kamera zipo kila pembe. Sheria ya Machi 2009 kuhusu usalama wa mikusanyiko mikubwa ilifunga mianya mingi. Tiketi ina jina lako. Mpoland hutoa namba yake ya utambulisho, ile waiitayo PESEL, na mgeni hutoa namba ya pasipoti. Mahakama inaweza kumpiga mtu marufuku kuingia viwanjani kwa miaka 2 hadi 6. Hata bia inayouzwa ndani haitakiwi kuzidi asilimia 3.5 ya kilevi. Mashabiki wa timu ngeni wana geti lao na kizimba chao, na mechi ikiisha hushikiliwa humo mpaka wenyeji watawanyike.

Mechi yangu ya kwanza ilikuwa Poznań, nyumbani kwa klabu ya Lech. Getini mlinzi mwanamama alishika pasipoti yangu mkono mmoja na tiketi mkono wa pili, akalinganisha majina herufi kwa herufi, na majina yetu haya hayaishi upesi. Kisha akachukua chupa yangu ya maji, akafungua kizibo, akanirudishia chupa, kizibo akakitupa kwenye pipa lililokuwa limejaa vizibo vya wenzangu. Chupa isiyo na kizibo ukiirusha inamwagika njiani, haifiki na uzito. Mtu aliyefikiria hatari hadi kwenye kizibo cha maji amefanya kazi yake.

Ndani nilikaa karibu na mzee aliyekuja na mjukuu wake, wanatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda chini, desturi ya majukwaa ya kule. Ikafika ile dakika ambayo jukwaa zima hugeuka, watu wakaupa uwanja mgongo, wakashikana mabega na kurukaruka. Mashabiki wa Manchester City waliuona mchezo huo timu yao ilipokutana na Lech mwaka 2010, wakauchukua, wakauita Poznań. Yule mzee alinivuta begani kabla sijajua nifanye nini. Mpaka leo nikiulizwa mpira wa Poland ni nini, mkono ule ndio hunijia kwanza.

Lakini upande wa pili nao una ushahidi wake, tena wenye damu. Oktoba 1998, Wisła Kraków ikicheza na Parma katika Kombe la UEFA, kisu kilirushwa kutoka jukwaani kikampata kichwani Dino Baggio, kiungo wa Italia. Wisła ikafungiwa mwaka mzima mashindano ya Ulaya. Mei 2011, fainali ya Kombe la Poland kati ya Legia ya Warszawa na Lech mjini Bydgoszcz iliishia kwa mashabiki kuvamia uwanja na kuvunja vifaa, na serikali ya Donald Tusk ikavifungia watazamaji viwanja vya Legia na Lech. Mwaka 2016 Legia iliikaribisha Real Madrid, usiku ambao mtoto wa Warszawa angeusimulia hadi uzeeni, mbele ya viti vitupu, kwa sababu ya vurugu za mechi dhidi ya Borussia Dortmund. Ikatoka sare ya 3-3, na wenye timu yao wakaitazama kwenye televisheni.

Ukiyasoma matukio haya peke yake utasema usiende. Mimi nayasoma pamoja na yale yaliyotokea nje ya uwanja, na hapo ndipo picha inapobadilika.

Machi 2003, siku ya mechi ya Śląsk, timu ya Wrocław, na Arka Gdynia, shabiki mmoja kijana aliuawa katika pambano la mtaani mjini Wrocław. Mauaji yale yaliwashtua hata magenge yenyewe. Mwaka uliofuata wakuu wao walikubaliana kitu kinachojulikana kama mkataba wa Poznań: tukipigana, iwe kwa mikono mitupu. Ndiyo kanuni ya hizi *ustawka* anazoziona mpwa wangu kwenye video, yaani mapigano ya miadi. Idadi inapangwa, mahali panapangwa, mara nyingi porini au kando ya barabara, mbali na kamera na mbali na uwanja. Kisheria ni kosa, na wanaokamatwa hushtakiwa. Ila mpita njia hakutani nayo kwa bahati mbaya, kwa sababu imepangwa asiwepo.

Makundi ya Kraków hayakuingia kwenye mkataba ule. Yalibaki na visu na mapanga. Wisła na Cracovia zote zilianzishwa mwaka 1906, na viwanja vyao vinatazamana kuvuka Błonia, uwanda wa majani ambao unaukatiza kwa miguu huku ukimaliza kula mkate wako. Dabi yao huitwa Vita Takatifu. Januari 2011, kweupe kabisa, mmoja wa vinara wa mashabiki wa Cracovia alivamiwa na kuuawa kwa mapanga katika mtaa wa Kurdwanów. Ilikuwa katikati ya Januari, ligi ikiwa mapumziko ya baridi. Hakukuwa na mechi ya kusingizia.

Kwa hiyo sheria ya 2009 na kamera zake imefaulu ilipolenga, yaani ndani ya uwanja. Aliyekuwa akichapana jukwaani hakuokoka wala kutubu. Amehamia msituni au kwenye vitongoji vya maghorofa, ambako ukutani nyota nyeupe ya Wisła imechorwa, imefutwa, imechorwa tena juu yake. Na alikohamia amekutana na biashara. Kesi za kundi la Sharks la Wisła, na za Psycho Fans la Ruch Chorzów, zilihusu dawa za kulevya kuliko mpira.

Lililonikera kupita yote ni la 2018. Yule kijana aliyemrushia kisu Baggio alifungwa, akatoka, akawa kinara wa Sharks. Uchunguzi wa kituo cha televisheni cha TVN ukaonyesha jinsi watu wa kundi hilo walivyojipenyeza hadi kwenye uendeshaji wa klabu yenyewe. Klabu ya zaidi ya miaka 100 ikafika mahali haina mishahara. Iliokolewa Januari 2019 na Jakub Błaszczykowski, nahodha wa zamani wa Poland aliyewahi kung'ara hapohapo Wisła, pamoja na wafanyabiashara wawili, waliotoa mkopo wa złoty (fedha ya Poland) milioni 4. Akarudi na kuichezea kwa malipo ya jina tu. Mwaka 2022 Wisła ikashuka daraja. Katika miaka ile mtu angeweza kukaa kiti chake pale kwa amani kabisa, anakula mbegu zake, na wala asijue nauli ya wahuni inatoka wapi. Takwimu za waliojeruhiwa uwanjani hazioni jambo la namna hiyo.

Kuna hoja ya Euro 2012, ambayo pande zote mbili huichukua na kuivuta kwao. Kabla ya mashindano yale, BBC ilirusha makala ya kutisha kuhusu majukwaa ya Poland na Ukraine, na humo Sol Campbell, beki wa zamani wa England, akawaonya mashabiki wasije wakarudi ndani ya jeneza. Mashindano yakapita, wageni wakacheza na kuimba mitaani. Tarehe 12 Juni, siku ya Poland na Urusi jijini Warszawa, kulizuka mapigano, watu zaidi ya 180 wakakamatwa. Hilo lilikuwa kubwa, lakini vurugu hazikurudisha jeneza. Basi waliotisha walikosea. Ila na wale wanaosema "si mnaona, Euro ilipita salama" wanakosea vilevile. Mashindano ya mataifa huleta watazamaji wa mataifa, wenye bendera zilezile. Uhasama wa Poland ni wa klabu kwa klabu, kitongoji kwa kitongoji, na Juni ile ulikuwa likizo.

Nikiwa na wasomaji wa Afrika Mashariki, lazima niseme na hili. Hofu zetu za uwanjani zimefundishwa na mageti. Nyayo, Oktoba 2010, Gor Mahia na AFC Leopards: watu 7 walikufa kwa kukanyagana. Uwanja wa Mkapa, Mei 2023, Yanga na USM Alger: mtu mmoja alifariki na 30 wakajeruhiwa. Watu wetu hawakufa kwa kuchukiana. Walikufa kwa msongamano. Mtanzania anaweza kupanda daladala na jezi ya Simba katikati ya watu wa Yanga, akazomewa, akacheka, akashuka. Akifika Kraków na akili hiyohiyo anajiweka pabaya, maana kule geti ni salama kuliko letu na jezi ni hatari kuliko yetu. Namba za tiketi hazitamsaidia kituo cha tramu saa nne usiku.

Na kuna ngozi. Nimesoma miongozo mingi ya usalama iliyoandikwa na Waingereza na Wajerumani, na hili hawaligusi. Emmanuel Olisadebe, mzaliwa wa Nigeria, aliichezea Polonia Warszawa, akapata uraia wa Poland mwaka 2000, akafunga mabao 8 kwenye safari ya kufuzu Kombe la Dunia la 2002. Mtu huyohuyo alirushiwa ndizi na mashabiki wa Lubin. Leo wachezaji weusi wapo kwenye vikosi vingi vya ligi ile na mambo yamebadilika, nimeyaona. Lakini mimi mwenyewe, kwenye uwanja nisioutaja, niliwahi kusikia sauti ya nyani nyuma yangu. Nilipogeuka nikakuta kijana wa kama miaka 14, yuko na baba yake, na baba anacheka. Hakuna aliyenigusa. Kwenye taarifa ya polisi ya siku ile nadhani mechi iliandikwa kuwa tulivu. Nilitoka dakika ya 60 na sikumaliza wiki ile vizuri. Anayeniuliza kama ni salama namuuliza kwanza: salama kwa nani, na kwa kipimo gani?

Hata hivyo sikuacha kwenda. Mkono wa yule mzee wa Poznań na kicheko cha yule baba vyote ni Poland, na hesabu yangu ya miaka ile ina mikono mingi kuliko vicheko. Aprili 2005, Papa Yohane Paulo II alipofariki, mtu wa Kraków aliyeipenda Cracovia, mashabiki wa Wisła na Cracovia walikutana kwenye misa katika uwanja wa Cracovia wakapeana mikono. Amani ile haikukaa. Kurdwanów ilikuja miaka 6 baadaye. Lakini kwa usiku mmoja walijua namna ya kusimama pamoja, na hilo nalo ni ushahidi.

Basi nimemwambia mpwa wangu hivi. Aende. Aanze na uwanja mkubwa, akate tiketi ya jukwaa la pembeni walipo wazee na watoto, aliache lile la nyuma ya goli ambako kila mtu anatakiwa kusimama na kuimba. Asidhani viwanja vidogo vya madaraja ya chini ni salama zaidi kwa kuwa ni vidogo. Mei 2015, kwenye mechi ya mtaani kabisa mjini Knurów, polisi walimpiga shabiki risasi ya mpira, shabiki akafa, na mji ukawaka ghasia kwa siku kadhaa. Dabi ya Kraków aiangalie nyumbani, angalau mwaka wa kwanza. Akiulizwa mtaani na vijana asiowajua anashabikia timu gani, ajibu kwamba ni mgeni, na aendelee na safari yake.

Ameshaniambia moyo wake umeangukia Wisła, kwa ajili ya Błaszczykowski. Sina la kumzuia. Skafu ameshaiagiza. Nimemwomba aivae akishapita ukaguzi wa getini, na aivue na kuiweka chini kabisa ya begi kabla hajapanda tramu.