Eti Wizara ya Sayansi ni benchi

Juzi niko kwa kinyozi wangu pale Sakina, Arusha, kichwa kimenyolewa nusu, runinga inamwonyesha Naledi Pandor, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Afrika Kusini. Mzee mmoja anayesubiri zamu akauliza, huyu mama kabla ya kuishitaki Israel kule The Hague Desemba 2023 alikuwa wapi? Chalii wa pembeni akajibu kwa mamlaka yote: "Alikuwa Sayansi. Walimweka benchi."

Benchi! Kama si mashine kuwa kisogoni ningesimama.

Pandor aliishika Sayansi mara mbili, 2009 hadi 2012 na 2014 hadi 2018. Mei 2012, wakivutana na Australia kuhusu darubini kubwa ya redio ya SKA, Afrika Kusini ikapewa sehemu kubwa ya madishi, Australia antena za masafa ya chini. Leo kwenye nyika yao ya Karoo yamesimama madishi 64 ya MeerKAT, darubini tangulizi ya SKA, kila moja upana wa mita 13.5. Fundi wetu wa mtaani akipandisha kidishi kimoja juu ya bati, jioni bado anapiga kelele, "Imeshika? Bado?"

Haya, hakuanzisha yeye. Sheria ya kuilinda Karoo na mwingiliano wa redio ni ya 2007, enzi za waziri aliyemtangulia, Mosibudi Mangena. Ila aliukuta mradi wa mwenzake akausukuma. Wapo mawaziri ambao wangeanza kwa kuubadilisha jina.

Kinachonichoma hasa ni hiki. Kwenye mradi huo Afrika Kusini ilishirikisha nchi nane: Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Morisi, Msumbiji, Namibia na Zambia. Rudia kusoma, ututafute sisi Watanzania. Kenya juu yetu, Zambia na Msumbiji chini, sisi katikati kama pengo la jino. Ghana walichukua dishi kuukuu la simu la mita 32 pale Kuntunse, wakaligeuza darubini, 2017 wakazindua. Kuukuu! Na sisi hapa Tengeru tuna taasisi nzima ya sayansi yenye jina la Mandela.

Nikayamwaga yote hayo pale pale, nywele zikinidondokea mdomoni. Mzee akasikiliza kwa adabu, kisha: "Hayo madishi yanaonyesha mpira?"

"Hapana mzee, yanasikiliza nyota."

"Aah." Akanyamaza kidogo. "Na letu liko wapi?"

Chalii alishahamisha chaneli.