Soma Taarifa, Shemeji

Mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, hatukuwa na ugomvi wowote mpaka siku niliponunua hisa za Nvidia, kampuni ya Marekani inayouza chipu za kompyuta za kuendeshea akili bandia. Hisa nne. Lakini ungenisikia nikizizungumzia ungedhani kampuni aliiacha marehemu babu, na yule bosi wake, Jensen Huang, nimemwajiri mimi.

Tuna kundi letu la simu, ndugu na marafiki wanaoweka vijisenti vyao kwenye hisa. Watu kumi na kitu, wengi wao ni wa kusoma na kupita. Wasemaji tulikuwa wawili. Yeye anafungua siku kwa Cisco, mimi naifunga kwa Nvidia.

Cisco ndiyo ilikuwa rungu lake. "Shemeji, Machi 2000 hakukuwa na kampuni yenye thamani kuipita Cisco. Iliuza mitambo ya kujengea intaneti, na kila mtu akasema intaneti itageuza dunia. Ikaigeuza kweli! Lakini aliyenunua mwezi ule aliona hisa zake zikiporomoka zaidi ya asilimia 80, na mpaka leo, 2024, bado anaisubiri bei yake." Kisha anashindilia: "Kitu kinaweza kuwa cha kweli na bado ukakinunua kwa bei ya kijinga."

Hilo la mwisho liliniudhi kuliko yote, kwa sababu lilikuwa na akili ndani yake.

Basi nikaacha kumjibu, nikawa namtupia taarifa. Tarehe 22 Mei 2024 kampuni ilitangaza hesabu zake za robo mwaka: mapato dola bilioni 26, wakati robo kama hiyo mwaka uliotangulia yalikuwa bilioni 7 na ushee. Namba ile niliilalia na kuamka nayo. Akisema Google wana chipu zao wenyewe, namjibu: "Bilioni 26. Soma taarifa, shemeji." Akisema wanunuzi wakubwa wa hizo chipu wanahesabika kwa vidole, na mmoja akifunga mkono tu kilio kitasikika, namjibu: "Soma taarifa, shemeji." Siku moja aliandika kwamba mama anaumwa mgongo. Nilikuwa nimeshatuma "soma taarifa" kabla sijafika mwisho wa ujumbe. Mama mkwe huyo.

Sasa nikiri. Taarifa yenyewe mimi nilikuwa nimesoma mistari mitatu ya juu.

Jumatatu tarehe 10 Juni, soko likiwa ndiyo kwanza limefunguliwa, nikachungulia simu. Ijumaa niliiacha hisa moja ikiwa dola 1,200 na kidogo. Sasa imeandikwa 120.

Nilifuta kioo cha simu kwa ncha ya shati. Niliamini kabisa kuna uchafu umekaa juu ya sifuri. Nikafuta tena. Chini yake kuna mstari mwekundu wa hasara, na asilimia yake sikuimaliza kuisoma, niliishia kwenye nane ya mwanzo.

Kuna woga unaokuja na kelele, na kuna ule wa kimya, ambao mtu anaanza kupanga vitu. Mimi nilipanga kalamu mezani. Nikazipanga kwa rangi. Kisha nikafungua programu ya dalali, nikabonyeza "uza", ikaniuliza ngapi, nikaandika 4. Ikaniuliza kama nina uhakika. Nikajibu kwa sauti, peke yangu chumbani: "Nina uhakika gani tena jamani?" Nikabonyeza. Zikauzwa papo hapo. Dola mia nne na themanini na kitu, kutoka karibu elfu tano nilizolala nazo Ijumaa.

Hapo ningenyamaza, hadithi hii nisingekuwa nayo. Lakini nilishaanza kupanga vitu, na kilichobaki kupanga kilikuwa dhamiri yangu. Nikaingia kwenye kundi.

"Ndugu zangu," niliandika, "leo nimefilisika. Yaliyotokea mnayaona wenyewe. Shemeji alinionya kwa upole, kwa hoja, kwa historia, nami nikamjibu kwa kiburi. Shemeji, Cisco yako ilikuwa kweli tupu. Kama kuna mtu humu alinunua kwa kunisikiliza, namwomba anisamehe hapa duniani. Mimi na hisa basi. Mwambieni mama pole ya mgongo."

Wale wa kimya wakafufuka wote. Pole zikamiminika. Mmoja ambaye tangu kundi lianze hatujawahi kuliona neno lake aliandika jambo moja tu: "Na zile bilioni 26?"

Juu ya kioo nikaona shemeji anaandika. Akaacha. Akaanza tena. Akaacha. Nikajua anatafuta maneno ya kunifariji bila kunitonesha.

Mke wangu akaingia, akaona kalamu. Akauliza kuna nini, nikampa simu bila neno, kama mtu anayekabidhi funguo za ofisi. Akatazama muda mrefu.

"Umesema ulikuwa na hisa nne?"

"Nne. Nimeziuza."

"Zote?"

"Zote."

"Sasa hizi thelathini na sita ni za nani?"

Nikachukua simu. Kweli: hisa zilizopo, 36. Nikamwambia kwa huzuni kwamba sasa hata programu imerukwa na akili, kampuni ikizama kila kitu kinazama nayo. Yeye hakunijibu. Alikuwa anazidisha kwa kidole hewani, thelathini na sita mara mia na ishirini, midomo ikichezacheza. Akanitazama vile anavyomtazama mtu aliyevaa shati nje ndani.

Ndipo ujumbe wa shemeji ukaingia.

"Shemeji, hisa zimegawanywa, moja imekuwa kumi. Aliyekuwa na moja ameongezewa tisa baada ya soko kufungwa Ijumaa, na bei imegawanywa kwa kumi. Hujapoteza kitu. Limeandikwa kwenye taarifa ya tarehe 22 Mei, ileile yenye bilioni 26. Shuka chini kidogo tu."

Halafu, baada ya kuniacha nimeze hiyo: "Soma taarifa, shemeji."

Kilichoniokoa ni uzembe wa programu. Bei mpya ilishafika lakini idadi ya hisa ilikuwa bado ya zamani, kwa hiyo mimi niliyedhani nauza kila kitu niliuza fungu moja katika kumi. Nilikimbia nyumba inayoungua nikiwa nimebeba kijiko, na nyumba haikuwa inaungua. Siku nane baadaye Nvidia iliipita Microsoft, ikawa ndiyo kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote, na mimi sikuweza kuandika hata herufi moja ya majivuno, kwa sababu kiongozi wa kundi alikuwa ameubandika ujumbe wangu wa kufilisika juu kabisa, kila afunguaye anaanza na huo.

Ila kuna jambo nililigundua wiki hiyohiyo, na mke wangu ndiye aliyenivujishia. Kaka yake alikuwa amenunua. Nvidia! Jumatatu ileile, wakati anaandika na kuacha, anaandika na kuacha, mimi nikidhani ananionea huruma, alikuwa kwenye programu yake ananunua hisa tano. Miezi yote ile ya Cisco, Google, na bei ya kijinga, tatizo lake lilikuwa dola 1,200 za hisa moja. Hakuwa nazo. Ilipofika 120, uchambuzi wote ukayeyuka.

Sikumsema. Niliiweka akiba.

Ikafika tarehe 27 Januari 2025. Habari za akili bandia ya Wachina, DeepSeek, iliyosemekana kutengenezwa kwa gharama ndogo na kwa chipu chache, zikalikumba soko, na Nvidia ikashuka asilimia 17 kwa siku moja. Karibu dola bilioni 600 za thamani zikapukutika. Hakuna kampuni iliyowahi kupoteza kiasi hicho kwa siku moja katika soko la Marekani. Shemeji akaniandikia faraghani, si kwenye kundi: "Shemeji, imekuwaje hii? Niuze?"

Nilisubiri siku hiyo tangu Juni. Nikakaa vizuri kwenye kiti. Nikamwandikia taratibu, kwa utulivu wa mtu aliyeshayaona: "Tulia. Usiuze. Wamegawanya tena. Soma taarifa, shemeji."

Mke wangu alikuwa nyuma yangu anasoma juu ya bega.

"Asilimia kumi na saba," akasema, "ndiyo mgawanyo wa ngapi kwa ngapi?"