Koki ikivuja, pikipiki isilale ndani

Pikipiki inayovuja petroli kwenye koki, yaani kile kifaa chini ya tangi cha kufungulia na kufungia mafuta, haifai kulala ndani ya nyumba hata usiku mmoja. Nasema hivyo nikijua vizuri tunavyoishi. Huku kwetu Dar es Salaam ukiiacha nje hadi asubuhi unaweza kukuta alama za matairi tu, kwa hiyo ikifika saa nne usiku inasukumwa hadi koridoni na kuegeshwa katikati ya ndoo za maji, viatu na majiko. Nyumba ni ya kupanga, vyumba sita, familia sita. Alfajiri mama mmoja anaamka kabla ya wote, anawasha jiko la mkaa palepale koridoni ili watoto wapate chai kabla ya shule. Yeye hajui kama koki ya pikipiki ya jirani inavuja. Dereva anajua.

Hapo ndipo ninapotofautiana na madereva wenzangu wengi, wanaoichukulia koki inayodondosha kuwa ni hasara yao binafsi ya mafuta, haimhusu mtu mwingine. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse kwenye joto la korido isiyo na dirisha. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, hivyo haupandi juu ukatokomea. Unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango, unajikusanya kwenye kona. Hewa ikishakuwa na mvuke kiasi cha asilimia moja na nusu hivi, cheche moja inatosha, na cheche si lazima itoke kwenye kiberiti. Hata swichi ya taa huitoa. Sisi Watanzania tumeliona hili kwa macho. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, na moto uliolipuka ukachukua maisha ya watu zaidi ya 100. Tangu siku ile wengi tunaliogopa lori lililoanguka. Tone linaloanguka koridoni kwetu usiku kucha hatuliogopi bado.

Kwa upande wa mfuko, piga hesabu mwenyewe. Tone moja kila sekunde mbili ni matone zaidi ya 43,000 kwa siku, na hata kama tone la petroli ni dogo kuliko la maji, hayo yanakaribia lita nzima. Dereva wa mkataba anayehangaika kutimiza hesabu ya bosi, yaani fedha anazotakiwa kumpelekea mwenye pikipiki, anaimwaga hela hiyo chini huku akisema hana pesa ya fundi.

Namwelewa, lakini. Kwenye mkataba matengenezo mengi huwa juu ya dereva, na akienda gereji ataambiwa anunue koki mpya, pengine na kabureta kabisa, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Ndiyo maana anaikimbilia sabuni. Anachukua kipande cha sabuni ya mche, anakikanda hadi kilainike, anakibandika palipolowa. Sabuni haiyeyuki kwenye petroli, kwa hiyo inaziba kweli, na kwa kufika nyumbani kutoka porini siwezi kumlaumu mtu aliyeitumia. Ila mvua ya kwanza inaiosha, mtikisiko unaipasua, na kinachovuja bado kinavuja. Nimeona pikipiki zilizobeba sabuni ileile mpaka imegeuka nyeusi kama lami, na mwenye pikipiki anaiita matengenezo.

Koki ni kifaa rahisi mno kuishi nacho hivyo. Pikipiki zetu nyingi za kabureta hazina pampu. Petroli inashuka kwa uzito wake kutoka kwenye tangi, inapita kwenye koki, inaingia kwenye mpira wa mafuta hadi kwenye kabureta. Ndani ya tangi koki ina mirija miwili, au mrija mmoja wenye tundu juu na jingine chini. Ukiweka kishikio kwenye nafasi ya kawaida mafuta yanaingilia juu, yakipungua chini ya hapo pikipiki inakata, unageuza kwenye rizevu nayo inachota ya chini. Kinachofanya kazi hiyo yote ya kufungua na kufunga ni mpira mmoja mdogo wa duara wenye matundu, unaokaa nyuma ya kishikio na kubanwa na springi nyembamba. Mpira huo ukikakamaa au ukichimbika, mafuta yanatafuta njia. Basi.

Kazi ngumu, na ndiyo inayorukwa na mafundi wengi wa haraka, ni kujua panapovuja. Petroli ikitokea juu huteremka na kudondokea chini, kwa hiyo unapoona tone sipo lilipoanzia. Futa koki yote kwa kitambaa kikavu, kisha ipake poda ya mtoto kwa kuipuliza kidogo kila upande. Subiri. Poda italowa kwanza palepale mafuta yanapotokea. Ikilowa juu, koki inapoungana na tangi, tatizo ni oringi (pete ya mpira) au gasketi (kipande bapa cha kuzibia) ya pale. Ikilowa kuzunguka kishikio, ni ule mpira wa matundu. Koki zenye kikombe cha kukusanyia uchafu chini huvuja pia kwenye oringi ya kikombe. Wakati mwingine koki ni nzima kabisa na kilichopasuka ni mpira wa mafuta pale unapobanwa na klipu. Huo unakata ncha iliyooza, unaurudisha, umemaliza.

Na kama poda imebaki kavu lakini mafuta yanadondoka kwenye kijipaipu cha chini ya kabureta, usiisingizie koki. Hapo boya au sindano ya kabureta, vinavyofunga mafuta kabureta ikijaa, havizibi, mara nyingi kwa sababu ya punje ya uchafu. Lakini koki nayo ina kesi ya kujibu, maana kama ingekuwa inafunga sawasawa usiku, hakuna mafuta yangefika huko. Chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, utumbukize kwenye chupa ya kioo, funga koki, kaa robo saa. Chupa ikipata mafuta, koki haifungi. Huu ndio uvujaji ninaouogopa zaidi kwa injini, kwa sababu hauonekani: mafuta yanaweza kupita kwenye sindano mbovu, yakaingia kwenye silinda na kushuka hadi kwenye oili. Ukichomoa kijiti cha oili ukakuta oili imepanda, imekuwa nyepesi na inanuka petroli, usiwashe tena mpaka umwage oili yote na kurekebisha chanzo. Oili ya namna hiyo hailindi kitu, na bei ya kufungua injini unaijua.

Kutengeneza nyumbani ninakokusema ni kutengeneza uani, mchana, injini ikiwa imepoa, mbali na jiko la mtu yeyote. Ndoo ya mchanga iwe karibu, kwa sababu maji huutawanya moto wa petroli badala ya kuuzima. Kama tangi lina waya wa geji, chomoa kwanza waya hasi wa betri. Mafuta yamwage kwenye dumu la mafuta lenye kifuniko kwa kutumia mpira wa mafuta unaotoka kwenye koki yenyewe, yashuke yenyewe. Tafadhali usinyonye kwa mdomo. Petroli ikipitia njia ya hewa inaunguza mapafu, na hata kiasi kidogo kinaweza kukulaza hospitali. Wala usiweke kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda, hata kwa dakika chache. Watoto wa uani wana kiu muda wote. Akitokea aliyemeza, asitapishwe wala asinyweshwe maziwa ya kumtapisha, akimbizwe hospitali.

Tangi likishakuwa tupu, litoe, lilaze juu ya gunia au tairi kuukuu. Koki nyingi zimeshikwa na bolti mbili ndogo za spana namba 10 au namba 8. Nyingine zina nati moja kubwa, na hiyo igeuze taratibu huku umeishika koki, kwani zipo zenye meno yanayokwenda pande mbili tofauti. Ikitoka, angalia chujio lililo juu yake. Likiwa na tope jekundu, hiyo ni kutu ya tangi, na mpira mpya utachakaa upesi kama hujalisuuza tangi.

Kishikio kimefunikwa na bamba lenye skrubu mbili. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua, kwa sababu springi na mpira vina jinsi vinavyokaa na vikidondoka mchangani utabuni. Bisibisi iwe ya saizi yake, maana skrubu hizi ni laini na zikiliwa kichwa kazi ya dakika chache inakuwa ya siku. Ukiutoa mpira utaona wenyewe: una mfereji uliochimbwa na kishikio, au umekuwa mgumu kama plastiki. Uso wa kishikio unaosugua mpira nao uutazame. Ukiwa na mikwaruzo, weka msasa laini sana, namba 1000 kwenda juu, juu ya kioo, tia tone la oili, usugue kwa mzunguko mpaka uwe laini. Wengi wanabadilisha mpira tu na kuuacha uso ule uliokwaruzika uukate mpira mpya.

Sasa suala la mpira wenyewe, na hapa sina subira. Mpira unaokatwa kwenye tyubu ya tairi haufai. Mpira wa tyubu ukikaa kwenye petroli unavimba na kulainika, matundu yanazibika, pikipiki inakosa mafuta njiani, kisha unameguka na vipande vinaingia kwenye jeti za kabureta, vile vijitundu vyembamba vya kupitishia mafuta. Inatakiwa iwe raba ya naitrili, ile iliyotengenezwa kustahimili mafuta. Silikoni ya kuzibia injini nayo si ya hapa. Petroli inailegeza, inatoka kwa nyuzinyuzi zinazokwenda kulekule kwenye jeti. Kama duka halina mpira siku hiyo, ugeuze ule wa zamani upande wa pili uliokuwa haujasuguliwa, utakusogeza siku chache ukiwa unatafuta. Hiyo ni afadhali mara kumi kuliko sabuni.

Wenye maduka ya spea nina ombi kwao. Ukienda kuulizia ripea kiti (seti ya vipuri) ya kabureta utaipata bila shida, ila ukiulizia mpira wa koki na oringi yake peke yake unaambiwa nunua koki nzima. Koki nzima za bei rahisi zinazouzwa mtaani nyingi zinakuja na mpira dhaifu kuliko ule wa zamani uliochoka. Leteni mipira. Itanunuliwa.

Katika kurudisha, kaza bolti kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo. Mwili wa koki ni aloi laini. Ukikaza kwa hasira masikio yake yanapinda katikati, inaanza kuvuja kwa sababu ya kukazwa. Iliyopinda tayari inaweza kunyooshwa kwa kuisugua kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo. Kabla hujafunga tangi moja kwa moja, tia mafuta kidogo tu, jaribu nafasi zote tatu (kufungua, kufunga na rizevu), subiri kama nusu saa na poda yako ikiwa pale pale. Koki iliyopasuka mwili, au iliyofungwa kwa riveti isiyofunguka, hiyo usipoteze nayo muda, nunua nyingine. Na zile za kuvutwa na upepo wa injini, zenye mpira mwembamba wa pili unaotoka kwenye injini, zina ngozi laini ndani inayohitaji mkono wa fundi anayezijua.

Zoea pia kufunga koki kila unapolaza pikipiki na kuifungua asubuhi. Kishikio kisichogeuzwa miezi na miezi kinagandamana na mpira, halafu siku mafuta yanapokata ukakigeuza kwa nguvu kuingia rizevu, mpira unachanika, na uvujaji unaanza hapohapo.

Kama leo imevuja na jua limezama, toa mafuta yote kwenye dumu, dumu likae nje mbali na nyumba, na pikipiki ifungwe kwa mnyororo kwenye nondo za dirisha kwa nje. Ikibidi, ukeshe na jirani mpokezane kuilinda. Mpangaji anayekataa isiingie koridoni ana haki, na mwenye nyumba asimwambie ana roho mbaya. Nanyi mabosi mnaotoa pikipiki kwa mkataba, andikeni humo humo kwenye karatasi kwamba koki, mpira wa mafuta na chujio ni gharama yenu, dereva aje na kipande kibovu mkononi apewe kipya siku hiyohiyo bila kukatwa kwenye hesabu.