Eti CAN Ni Hapo Tu Karibu

Leo asubuhi kwa kinyozi, hapa Kamalondo, Lubumbashi, upande mmoja wa kichwa umenyolewa, upande wa pili unangoja umeme urudi, papa mmoja, mzee mwenye jezi ya Léopards, timu yetu ya taifa ya Kongo, akatangaza: "CAN ya 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, tunaenda wote! Kenya, Uganda, Tanzania, ni hapo tu karibu. Unapanda bus, unaona mpira, unarudi." Watu wakapiga makofi. Watu hao hao ambao wakitoka mtaa wa Katuba kwenda mtaa wa Ruashi, mji huu huu, wanaaga familia.

Mimi ni mtu wa heshima zangu, sibishani na nywele nusu. Ila karibu kwa nani?

Kwanza tufuzu. Halafu mji wa kwenda huchagui wewe, kinachagua kile kibakuli cha kupangia makundi. Waliofuata Léopards Côte d'Ivoire mwaka 2024 waulize. Mechi mbili za kwanza San-Pédro, kule baharini: Zambia 1-1, Moroko 1-1. Umeshapata chumba, umeshamzoea mama anayekaanga ndizi, unaambiwa mechi ya tatu na Tanzania iko Korhogo, kaskazini, nchi nzima iko katikati, na una siku tatu. Unafunga mabegi, unavuka nchi, unaangalia 0-0. Halafu timu inafuzu, unarudishwa San-Pédro ile ile kucheza na Misri, na kitanda chako amelalia Mmisri. Bahati tu golikipa Mpasi alifunga penalti ya mwisho, 8-7, watu wakasahau deni la nauli. Ndiyo maana mwenye akili halipii chumba cha hatua yote ya makundi kwa mara moja. Analipa mji kwa mji, tena pale panaporudisha pesa. Na hiyo ilikuwa nchi moja. Sasa zidisha kwa tatu.

Pesa yenyewe, franga zetu ukivuka ni karatasi ya kumbukumbu. Beba dola, tena dola safi. Lakini hapo sisi tumefuzu shule: kambisti wetu, mbadilisha pesa wa barabarani, anaweza kuiona dola yenye kitundu cha sindano akiwa upande wa pili wa barabara. Kule Moroko kwenye CAN ya 2025, dirham, pesa ya huko, walizobaki nazo watu zilibidi zibadilishwe kabla ya kupanda ndege, kwa sababu nje ya nchi ile hakuna anayezitaka.

Lakini hayo ni utangulizi. Shida kamili inaitwa taxi.

Chukua Rabat, mji mkuu wa Moroko, CAN hiyo ya 2025. Mji mmoja, viwanja vinne vya mashindano. Vinne! Sisi hapa ukisema "stade", dereva anauliza tu kama ni kwa Mazembe au Kibassa Maliba, basi, twende. Haya, mmetoka Tanger kwa treni ya mwendo kasi, mko wanne na ngoma moja. Mnashuka Rabat-Agdal, maana treni ile kituo cha Rabat-Ville haikanyagi, na aliyekuja kuwapokea yuko hukohuko Rabat-Ville anawatukana kwenye simu. Mvua inanyesha. Desemba kule ni mvua na baridi, na nyinyi mmevaa jezi na kandambili kwa sababu mlisikia ni Afrika. Taxi ndogo ya buluu inasimama. Dereva anawatazama, anainua vidole vitatu.

"Papa, tutabanana."

"Watatu."

"Huyu wa nne ni mwembamba, mtazame."

"Watatu."

"Kwetu nyuma tunakaa wanne, mbele wawili, na mbuzi."

"Mbuzi analipa?"

Hapo mnaona mtu anaanza kuelewa, kumbe hapana. Petit taxi Moroko ni abiria watatu, hata awe mtoto wa mjomba wake, na haitoki nje ya mji wake. Wengi zaidi wachukue grand taxi, ile inabeba sita. Lakini nani wa kusubiri grand taxi kwenye mvua? Linafanyika baraza. Mkubwa hawezi kubaki, ni mkubwa. Mwenye ngoma hawezi kubaki, ngoma italowa. Anabaki mdogo wenu, mpole, hana la kusema. Mnamfungia mlango kwa huruma, mnaondoka.

"Stade gani?" dereva anauliza.

"Medina," mkubwa anajibu kwa sauti ya mtu aliyesoma. Kweli, uwanja wa mechi yetu na Benin na ile ya Botswana uliitwa Al Medina. Ila mji wa zamani wa Rabat nao ni medina, wenye kuta na maduka, na dereva ni mtu mtiifu. Anawapeleka. Mnashuka mbele ya mazulia na viatu vya ngozi vya njano. Mkubwa anauliza mlango wa VIP uko wapi. Muuza viatu anampimisha namba 43.

Mnarudi kwenye taxi nyingine. Ni mechi ya Botswana, inaanza saa mbili usiku, na kuanzia saa hiyo mita ya taxi inaongezwa nusu ya bei. Mkubwa anaitazama mita kama mtu anayetazama damu yake ikitolewa hospitali. Njiani ndipo mwenye ngoma anauliza, polepole: "Tiketi ziko kwa nani?"

Kimya.

Tiketi ziko kwa mdogo. Zote nne. Yeye ndiye aliyejua kutumia ile programu ya Yalla, maana Moroko kila shabiki alipaswa kwanza kupata Fan ID, kitambulisho cha shabiki, humo, halafu tiketi ikae humo humo kwenye simu. Karatasi hakuna. Kijana mmoja kazibeba za wote, nanyi mmemwacha kwenye mvua kwa sababu ni mwembamba. Anapigiwa simu: "Uko wapi?" "Niko getini tangu zamani. Nilipanda tramu." "Usiondoke hapo!" "Siondoki, yaya, ila simu iko na asilimia mb—"

Sasa semeni nyinyi mnaopiga makofi kwa kinyozi. Kosa liko wapi? Kila mmoja angehamishiwa tiketi yake kwenye simu yake tangu hotelini, habari ingeishia hapo. Na mdogo angekuwa na pawabanki. Ile ya 20,000 mAh ni kama 74 Wh, na ndege inakubali hadi 100 Wh, kwenye begi la mkononi tu, usiitie kwenye sanduku. Ila iwe na maandishi yanayosomeka! Ile ya sokoni isiyo na maandishi, au iliyoandikwa milioni moja, utaiacha uwanja wa ndege na utatoa hotuba bure.

Yule shabiki wetu kule Moroko aliyesimama kama sanamu ya Lumumba mechi nzima, dunia ikamshangaa. Mimi simshangai. Mtu akishafika kwenye kiti chake kule, nguvu ya kutikisika anaitoa wapi?

Turudi kwenye "hapo tu karibu". Kutoka hapa hadi Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ni kilomita 90 hivi, hiyo kweli. Baada yake ni Zambia yote hadi Nakonde, unavuka mpaka kuingia Tunduma, Tanzania, na kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam zimebaki kilomita zaidi ya 900. Mihuri minne kwenye pasipoti: kutoka Kongo, kuingia Zambia, kutoka Zambia, kuingia Tanzania. Kadi ya homa ya manjano kila mtu na yake, si moja ya bus zima. Tanzania saa iko mbele yetu kwa moja, kwa hiyo bus unayoiwahi imeshaondoka. Magari yanapita kushoto tangu Zambia, basi ukivuka barabara angalia kulia kwanza. Faida ni moja, tax-bus zetu, daladala za Japani ambazo hapa mlango unafungukia katikati ya barabara, kule zinafungukia pembeni, kama zilivyozaliwa. Chaji ya simu ya miguu miwili ya mviringo haiingii ukutani, Dar tundu ni la miguu mitatu bapa, nunua adapta kabla ya safari.

Na hiyo Kasumbalesa mnayoitaja kama choo cha uani, mmeiona foleni ya malori? Malori yamelala, madereva wanafua nguo, wanapika. Katikati yao kuna unga. Unga wetu! Mji mzima wa shaba, bukari yake, yaani ugali, inangoja muhuri. Zambia wakifunga kidogo tu mahindi yasitoke, hapa mama wa nyumba anaanza kupika kwa kijiko cha chai. Juzi nimekwenda kununua mfuko wa kilo 25, umepanda tena. Muuzaji anasema ni foleni. Nikamuuliza, mama, hiyo foleni inakula bukari ngapi kwa siku? Hakunijibu. Akaniomba na pesa ya sashe, mfuko wa plastiki.