Mtoto akiugua shuleni, arudi nyumbani na nani?

Saa nne asubuhi, shule moja ya msingi ya serikali pande za Mbagala, Dar es Salaam. Mtoto wa darasa la tatu amekaa barazani nje ya ofisi ya walimu, kavaa sweta na jua lote lile, kichwa kaegemeza ukutani. Homa. Mwalimu kampigia mama yake mara tatu, simu haipatikani. Mama yuko Feri, kwenye soko la samaki. Mwishowe akaitwa mtoto wanayekaa naye mtaa mmoja: "Msindikize mwenzio nyumbani." Wakatoka wawili, wote wadogo, kwenda kuvuka Barabara ya Kilwa. Mimi nilikuwa pale kwa shughuli zangu. Nikawafuata.

Wazazi wengi wakisikia habari kama hii huuliza: shule inakosaje hata Panadol? Wana haki ya kuuliza. Malaria haisubiri kengele ya kutoka. Homa ya asubuhi inaweza kuwa degedege jioni. Zipo shule za binafsi humu humu jijini zenye nesi na chumba cha mgonjwa kupumzika, na mtoto wa muuza samaki ana damu ile ile.

Ila kwenye dawa mimi niko na walimu. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, darasa la watoto mia na zaidi si jambo la kushangaza Dar. Mwalimu atajuaje nani ana selimundu, nani ana pumu, nani kapewa vidonge na bibi yake alfajiri? Panadol inashusha homa kwa saa chache, mtoto anachangamka, anarudi kucheza, kumbe malaria inaendelea. Dawa mseto ya malaria hutolewa baada ya kupima damu, kwa kuangalia uzito wa mtoto, mara mbili kwa siku kwa siku tatu. Hiyo si kazi ya kubahatisha kwenye ofisi ya walimu.

Lakini kukataa kutoa dawa ni jambo moja, kumtoa mtoto getini bila mtu mzima ni jingine, na hili la pili silikubali hata kidogo. Kubaki nyumbani kuna wakati wake. Januari 2024 macho mekundu yalipolikumba jiji, mwenye dalili alipaswa kukaa kwao, maana ugonjwa ule unapita kwenye mikono na vitu wanavyoshika watoto kwa pamoja. Mwenye homa kali anahitaji zahanati, tena mapema.

Na sisi wazazi tuseme ukweli. Tunampa mtoto kidonge saa kumi na moja alfajiri, tunamvalisha sare, kwa sababu nyumbani hakuna wa kubaki naye. Tunabadilisha laini ya simu, shule hatuiambii.

Kuna jambo linalokaa chini ya haya yote, nalo ni pesa. Sera inamtibu bure mtoto wa chini ya miaka mitano, na huyu wa darasa la tatu alishaivuka. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu ndani ya nusu saa, lakini mwalimu anayempeleka atajiuliza kwanza nani atalipia kumwona daktari. Mwalimu mkuu naye, tangu elimu iwe bila malipo, neno "mchango" analiogopa, hawezi kuanzisha mfuko wa dharura akalala usingizi. Basi njia isiyo na gharama kwa shule inabaki ile ya kumrudisha mtoto kwao. Kamati ya shule na serikali ya mtaa wakikubaliana na zahanati ya jirani mtoto apimwe kwanza, mzazi alipe akifika, mwalimu atapata pa kumpeleka.

Tulipofika, mlango ulikuwa na kufuli. Jirani, mama anayekaanga maandazi pale nje, aliepua karai, akamweka mtoto mgongoni na kushika njia ya zahanati. Simu yake iliita mara mbili tukiwa njiani. Shuleni namba hiyo hawanayo.